Muulize Anti: Msimu wa maonyesho chuoni umefika, maswali yamejaa

Wapenzi wasomaji, mwezi huu simu yangu haijapumzika. Ni kile kipindi cha semista ambacho idara za sanaa vyuoni zinatoa maonyesho yake, wiki hii tamthiliya, wiki ijayo dansi, halafu ngoma za asili, halafu projekti za mwaka wa mwisho, na jinsi maonyesho yanavyopangwa ndivyo na maswali yanavyoingia. Mimi mwenyewe nilisoma hayo mambo na bado nayapenda mno, kwa hiyo leo sijibu ya mapenzi wala ya mikopo, nimechagua matano ya jukwaani tu.

Shikamoo anti. Niko mwaka wa pili, nasoma sanaa za maonyesho hapa hapa Dar. Kwenye usaili wa msimu huu nilijiandaa wiki tatu nzima, nikaomba mhusika mkuu, majina yanabandikwa ubaoni nakuta nimepewa usteji meneja. Wenzangu wanaigiza mimi nashika daftari! Nimelia siku mbili anti. Nimuombe mwongozaji anibadilishie au niache tu nisiende mazoezini? (Msomaji, Sinza)

Marahaba mwanangu, na pole. Kulia umelia, sawa, usaili unauma na anayekwambia hauumi hajawahi kusimama kwenye ule mstari. Ila mazoezini uende, tena kesho uwahi kuliko wote, manake steji meneja akichelewa mazoezi hayaanzi.

Ngoja nikwambie hilo daftari ni nini. Upande mmoja unabandika kurasa za mchezo, upande wa pili unaandika kila kitu kinachotokea: nani anaingia kutoka kushoto, nani anakaa, kiti kinahama saa ngapi, taa inabadilika kwenye neno gani. Andika kwa penseli, sio kwa peni, kwa sababu mwongozaji atabadilisha mawazo Jumanne na Alhamisi atayarudisha yale ya Jumatatu. Sakafuni unabandika vipande vya selotepu kuonyesha meza inakaa wapi, kila onyesho na rangi yake, ili hata taa zikizimwa mtu ajue anaweka wapi. Usiku wa onyesho wewe ndo unasema "stendibai" na wewe ndo unasema "haya", na mpaka useme hakuna anayegusa swichi.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui mpaka liwakute. Onyesho likishafunguliwa mwongozaji kazi yake imeisha, anakaa kwenye viti kama mgeni mwingine. Anayeendesha ni steji meneja. Mimi nilipewa kazi hiyo hiyo nikiwa mwaka wa pili kama wewe, na nilinuna kama wewe. Usiku wa pili, ni Aprili, masika yamekolea, mvua ikaanguka juu ya bati la ule ukumbi wetu yaani huwezi kusikia hata mtu aliye pembeni yako. Mhusika yuko katikati ya maneno yake mazito ya kumuaga mama yake, naona mdomo unacheza, sauti hakuna. Watu wote nyuma ya pazia wakanigeukia mimi. Moyo ulinienda mbio! Nikawaambia wapiga ngoma waingie na wimbo wa msiba waliokuwa wameshaupiga mwanzoni, taa zibaki pale pale, mwigizaji akae chini amshike mama yake mkono wasubiri. Tuliwashikilia watu na ule wimbo dakika kumi na moja, nilikuwa naangalia saa ya mkononi kwa mwanga wa tochi niliyoifunga karatasi ya bluu, na akinamama wa viti vya mbele wakaanza kuitikia. Mvua ilipopungua nikasema haya, akaendelea na neno lake pale alipoishia. Tangu siku hiyo sijawahi kuiita ile kazi kushika daftari.

Kwa hiyo usimuombe abadilishe. Muombe kitu kingine: akuambie kwa nini alikuchagua wewe. Mwongozaji hampi kazi hiyo mtu asiyemwamini, na hilo jibu utalihitaji siku ukijiona mdogo. Na usaili wa msimu ujao nenda tena ukaombe mhusika mkuu, wakati huo utakuwa unaujua mchezo mzima kutoka ndani, sio mistari yako peke yake.

Habari za kazi anti. Mimi ni mama wa watoto watatu. Binti yetu mkubwa tulijua anasoma mambo ya jamii, kumbe kozi zake nyingi ni za dansi na maigizo, tumekuja kugundua likizo. Baba yake amekasirika hataki hata kusikia, anasema hatukuuza kiwanja ili mtu akakate viuno chuo kikuu. Mimi niko katikati. Juzi amekuja nyumbani anachechemea, mguu umefungwa bandeji, nikaumia zaidi. Na sasa ametuletea tiketi mbili za onyesho lao. Twende? (Mama wa watatu, Tabata)

Salama mama, pole kwa yote mawili, siri na bandeji.

Nianze na mguu kwa sababu hauwezi kusubiri. Mwambie binti akueleze anafanyia mazoezi kwenye sakafu ya namna gani. Sakafu ya dansi inatakiwa iwe ya mbao yenye nafasi chini yake, mtu akiruka akitua inabonyea kidogo, inapokea ule uzito. Saruji haipokei kitu, uzito wote unarudi kwenye muundi wa mguu, goti na kiuno, na anayeruka juu ya saruji kila siku anaanza na maumivu mbele ya muundi na akiyapuuza mfupa unaweza kupata ufa. Kwa hiyo kama maumivu yako kwenye mfupa, yanauma hata akikaa, aende hospitali akapimwe na apumzike, asifungwe bandeji akarudi kuruka eti onyesho limekaribia. Hapa mimi nasema wazi, hakuna onyesho la thamani ya mguu wa mtoto. Kama sakafu ndo tatizo waombe kama kikundi, hata mbao za kuazima juu ya saruji na zulia gumu ni afadhali, na wapashe misuli kabla, sio kushuka kwenye daladala na kuingia moja kwa moja kuruka.

Sasa hilo la viuno. Mzee ana haki ya kukasirikia kufichwa, na binti amuombe baba yake msamaha kwa hilo, bila sababu sababu. Lakini hayo masomo sio ya kupoteza kiwanja. Mama, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960 mwishoni, na walimu wa pale hawakukaa ukumbini tu. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba walianzisha mradi unaoitwa Tuseme, wakaingia kwenye shule za sekondari za wasichana. Wasichana wanakaa wenyewe, wanachambua kinachowakwamisha shuleni, labda mwalimu anayewasumbua, labda njia ndefu ya kwenda shule, labda mimba, halafu wanakitengenezea mchezo, wimbo na ngoma na kukionyesha mbele ya hao hao walimu na wazazi. Mtoto ambaye hawezi kusimama ofisini kusema "nasumbuliwa" anaweza kusema akiwa ndani ya mhusika. Tuseme ilienda mpaka nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, lile shirika la elimu ya wasichana, na Profesa Mlama akaja kuliongoza. Hiyo ndo kazi ambayo mtoto wako anajifunza zana zake. Wengine wanaishia kwenye tamthilia za runinga, wengine redio, wengine kufundisha, wengine Bagamoyo kwenye ile taasisi ya sanaa, na sikufichi mama, wapo wanaohangaika miaka kadhaa kabla mambo hayajakaa sawa. Hilo nalo mliongee nyumbani bila kutishana.

Tiketi. Nendeni. Baba akikataa nenda wewe, kiti cha pili mpe shangazi yake au mdogo wake. Kaa mbele, usikae nyuma, ukae karibu uone jasho. Dansi ukiitazama kwa mbali unaona maumbo tu, ukiwa karibu unasikia pumzi zao, unasikia mmoja anamhesabia mwenzake taratibu moja mbili tatu nne, unaona jinsi mtoto anavyombeba mwenzake bila kumwangusha kwa sababu wamerudia hicho kitendo kimoja mara mia. Mtu hawezi kukusimulia hilo likakuingia. Na ukirudi usimwambie baba kwamba amekosea, mwambie tu ulichokiona.

Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, Mmakonde, nimekaa Mbagala miaka mingi. Mjukuu wangu alinipeleka kuangalia ngoma za chuo. Wakacheza sindimba. Dakika kama nane imekwisha, watu wamepiga makofi, wameingia wengine na bugobogobo ya Wasukuma. Sikuelewa nilichoona. Mavazi mazuri, vijana wana nguvu, lakini ile si ngoma niliyoijua mimi. Ni vibaya kusema hivyo? Sikutaka kumvunja moyo mjukuu, nilinyamaza mpaka nyumbani. (Mzee, Mbagala)

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nakushukuru mno kwa kuiandika. Si vibaya hata kidogo. Vibaya ni kunyamaza, nitakuambia kwa nini.

Wewe unajua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa hapa mjini hawajui, kwa hiyo niruhusu niseme. Zile ngoma ndogo za Kimakonde zina mguu uliochongoka. Mpigaji anauchomeka ardhini, ngoma inasimama imeinama kidogo, mikono yake yote miwili iko huru na ardhi yenyewe inaishikilia. Sasa mpeleke huyo mpigaji kwenye steji ya saruji. Atachomeka wapi? Basi inatengenezwa stendi ya chuma au anaibana katikati ya mapaja, na hapo hapo mkao wake umebadilika, na mkono ukibadilika mkao na mlio unabadilika. Ngozi nayo inataka moto ikaze. Dar hii yenye unyevu wa bahari, ngozi inalegea kabla hata watu hawajakaa kwenye viti, na ndani ya ukumbi huruhusiwi kuwasha moto, kwa hiyo vijana wanatoka nje nyuma ya jengo, wanachoma magazeti na makuti makavu kwenye ndoo ya bati, wanazungusha ngoma juu ya moto, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanazungusha tena, halafu mtu anaita "dakika tano!" wanakimbia nazo ndani. Nimesimama hapo nyuma mara nyingi na kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote, na mwenye tiketi haioni.

Na duara, mzee wangu. Kijijini watu wanaizunguka ngoma, anayecheza ana macho ya ndugu zake pande zote, na mama mmoja akiguswa anaingia. Ukumbini macho yote yako upande mmoja, basi mwalimu analifungua duara linakuwa mstari, wachezaji wanatazama mbele kama wanapigwa picha. Usiku kucha unakuwa dakika nane. Ngoma iliyokuwa na shughuli yake, na wakati wake, na watu wanaoruhusiwa kuiona, inawekwa kati ya namba tatu na namba tano. Wala si vijana walioanza. Toka miaka ya mwanzo ya uhuru vikundi vya taifa na vya mashirika vilikuwa vinachukua ngoma za makabila na kuzifupisha kwa ajili ya sherehe na wageni, na sindimba ilichezwa kila mahali mpaka na watu ambao hawajui hata inatoka Mtwara. Kulikuwa na faida ndani yake, Msukuma alijifunza ya Mmakonde na Mmakonde ya Mhaya, na hilo silidharau. Ila kilichokatwa kilikatwa.

Mimi naona hivi. Steji haiwezi kuwa kijiji na tusiidanganye kwamba inaweza. Lakini idara ya ngoma inayojiheshimu inapaswa kuwaambia wanafunzi kilichopungua, ikiwezekana na hadhira iambiwe, mtu asimame aseme ngoma hii inachezwa wapi na kwa ajili gani kabla ya kuanza. Na inapaswa kuwaleta wazee kama wewe kwenye mazoezi, sio kwenye onyesho peke yake. Ndo maana nasema usinyamaze. Muite mjukuu, kaeni barazani, mwambie nguvu unazo mwanangu, sasa sikia hii ngoma inaanzaje, na mpigie hata kwenye kiti. Nakuhakikishia hutamvunja moyo. Wanafunzi wa ngoma wanatafuta mtu wa kuwaambia hayo na wengi hawana babu aliye karibu hivyo, na akimaliza kusikiliza aende akamwambie mwalimu wake kwamba babu yangu yuko Mbagala, tumlipie nauli aje.

Anti mambo. Kwa nini kila msimu lazima wairudishe ile tamthiliya ya vita vya Majimaji au zile za miaka ya sabini na themanini? Sisi wa kizazi hiki hatuna ya kwetu? (Kijana wa Kimara)

Poa mdogo wangu. Swali zuri na nusu yake nakubaliana nayo kabisa, msimu ambao hauna hata mchezo mmoja ulioandikwa na wanafunzi wenyewe ni msimu pungufu.

Lakini jua msimu unapangwaje. Idara ina wanafunzi kadhaa wa mwaka wa kwanza ambao wote lazima wafanye mazoezi ya vitendo, ina hela kidogo, ina ukumbi mmoja. Mchezo wa watu wanne sebuleni unawaacha thelathini nje. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, ina wanakijiji, ina askari, ina umati, ina nyimbo na ngoma, watu wengi wanapata pa kusimama na seti yake haitaki sofa wala friji. Hiyo ni sababu ya mfukoni. Sababu nyingine ni kwamba ule mchezo bado haujaisha kuuma. Kinjeketile Ngwale wa kweli alikuwa Ngarambe, huko Rufiji, Wajerumani walimnyonga 1905 vita vikiwa ndo vinaanza, vikaendelea mpaka 1907. Hussein kamfanya wa kwake, kamuacha hai mpaka mwisho, yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba yale maji ya kuzuia risasi ni uongo, na yeye hakiri. Mimi nimeuona ule mwisho mikononi mwa waigizaji wanne tofauti na kila mmoja alikataa kwa namna yake, mmoja alipiga kelele, mmoja alikaa kimya mpaka watu wakaanza kuhema. Maneno ni yale yale. Mwanafunzi anajifunzia hapo.

Au chukua Nguzo Mama ya Penina Muhando, ambaye ndo huyo huyo Profesa Mlama, ya 1982. Wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo na haisimami. Sasa kama wewe ni mtu wa seti, nguzo unaitengeneza na nini? Ukiweka gogo la kweli akinamama wanakaza misuli kweli na hatari ipo, ukiweka boksi lililopakwa rangi hadhira inaona mikono haina uzito inaanza kucheka pasipo kuchekwa. Niliona kikundi kimoja wamechukua bomba la plastiki wakalijaza mchanga nusu, mchanga ukawa unahama ndani kila wakiliinua upande huu, nguzo inawazidi nguvu mbele ya macho yetu na sauti ya mchanga inasikika. Aliyewaza hilo alikuwa mwaka wa kwanza, na umri wake hata nusu ya ule mchezo haufiki. Kwa hiyo cha zamani nacho kinaweza kuwa chenu.

Na cha kwenu kipya, kiandike. Projekti za mwaka wa mwisho ndo mlango wenyewe, usingoje ruhusa.

Anti, naweza kwenda na watoto wadogo? Na je tukiwa ndani tukae kimya kama kanisani? (Baba wa mapacha, Gongo la Mboto)

Watoto nenda nao kwenye ngoma na dansi, watafurahi sana, kwenye tamthiliya uliza kwanza mlangoni inahusu nini maana nyingine zina vifo na matusi. Kimya cha kanisani hapana. Wimbo ukiwa wa kuitikia itikia, ikichekesha cheka, ukiguswa piga vigelegele, waigizaji wetu wanazoea hivyo na wanakosa raha ukumbi ukiwa baridi. Simu ndo uzime, hasa ule mwanga wake, kwa sababu mtu aliye kwenye steji gizani anauona kuliko unavyodhani na unamtoa kwenye alichokuwa anakifanya. Fika nusu saa kabla, foleni ya kutoka kwenu unaijua mwenyewe, na ukipata nafasi wapitishe mapacha nyuma ya jengo waone ngoma zinavyokazwa kwa moto.

Maswali ya toleo lijalo nitumieni mapema kidogo, nina barua mbili za wapiga marimba hapa ambazo nataka kuzijibu kwa kirefu.